Siku Baba Alipoendesha Mia Mbili

Machi 3

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta dukani, cherehani inanguruma na pini ziko mdomoni kama kawaida yako. Mimi mzima. Chumba nilichopewa kina dirisha moja linalotazama gereji, kwa hiyo naamka na harufu ya matairi na petroli, na nimeizoea kiasi kwamba nikienda mjini naona hewa imepungukiwa na kitu. Mwenzangu wa chumba ni mpishi wa kantini. Anaongea usingizini, na mara nyingi anagombana na mchele.

Uliniuliza watu wanakuja kufanya nini huku. Wanakuja kukimbiza magari, Shangazi. Watu wa kawaida kabisa. Wamekaa kwenye foleni maisha yao yote, wakasimamishwa na taa na matuta, na wanataka siku moja wajue gari linaweza nini. Uwanja wetu hauna mashimo, hauna mtu anayevuka, na magari yote yanaelekea upande mmoja. Mgeni anapimwa presha, anasomeshwa herufi za ukutani, anavikwa helmeti na kufungwa mikanda ya mabegani. Kisha mimi nakaa kando yake, kwenye siti isiyo na usukani. Nina pedali moja tu, ya breki. Kazi yangu iliyobaki ni mdomo: angalia mbali, legeza mikono, breki sasa, achia, kanyaga. Wiki iliyopita nilikaa na mwalimu mkuu mstaafu, mama mwenye wajukuu. Aliposhuka aliketi kwenye tairi kuukuu, akacheka peke yake mpaka machozi yakamtoka.

Sasa lililonifanya niandike badala ya kupiga simu. Simu ya hapo nyumbani Baba anaiweka sauti ya juu mezani, siwezi kusema neno asilisikie. Nilimuuliza Jumapili kuhusu ubavu wa gari uliokwaruzika. Akaniambia nguzo ya geti imesogea. Nguzo, Shangazi. Hiyo ni mara ya tatu kitu kisichotembea kinamgonga. Wewe ndiye unayekaa naye. Kwa nini usizichukue funguo?

Mwanao.

Machi 19

Mwanangu,

Marahaba. Barua nimeisomea nyuma ya pazia la kujaribia nguo, maana baba yako alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja akinisubiri, na akiona bahasha anataka kujua imetoka kwa nani na stempu ina picha gani.

Hapa hatujambo. Bati la jikoni linavuja palepale. Sare za shule zimeanza kuletwa, lakini mwaka huu nimepunguza, nimechukua za shule moja tu. Miguu inavimba nikikanyaga cherehani muda mrefu. Si neno. Nimeacha chumvi, chakula changu sasa kina ladha ya karatasi, na baba yako anakila bila kulalamika, jambo linalonitia wasiwasi kuliko miguu.

Gari ni kweli limekwaruzika. Kioo cha kushoto kimeshikwa na gundi ya karatasi. Ukimuuliza anasema watu siku hizi hawana adabu, wanachomoza. Hilo ndilo neno lake: wanachomoza. Mimi namwambia, kaka, watu wamechomoza tangu dunia iumbwe. Ananijibu kwamba maisha yake yote amebeba abiria na hakuna aliyewahi kumlalamikia. Nami namkumbusha abiria wake walikuwa watu wa namna gani.

Kuhusu funguo: ziko mfukoni mwake, na mimi sijaingiza mkono kwenye mfuko wa mwanamume tangu niachike. Halafu gari lenyewe lina kazi. Jumatatu na Alhamisi nina shughuli zangu upande wa pili wa mji, ananipeleka na kunirudisha. Muache mzee, mwanangu. Kula vizuri. Huyo mpishi mwambie akuongezee mboga.

Shangazi yako.

Aprili 2

Shangazi,

Shikamoo. Mboga naongezewa. Mvua imenyesha siku tatu, uwanja ukafungwa, tukashinda gerejini tukipanga koni za plastiki na kubishana mambo yasiyo na kichwa wala miguu.

Shughuli gani hizo za Jumatatu na Alhamisi?

Nimefikiria jambo, naomba unisikilize mpaka mwisho. Baba ameendesha gari la maiti tangu kabla sijazaliwa mpaka alipostaafu. Mwendo wa mtu anayetembea, miaka yote, na watu wanalia nyuma yake. Hata Mama alimpeleka mwenyewe. Alikataa mwenzake ashike usukani. Nilikuwa mdogo, nilikaa mbele pamoja naye, nikaona jinsi mguu wake ulivyokuwa ukitetemeka juu ya pedali kwa kuzuia gari lisikimbie. Nadhani tangu siku ile nimekuwa nikitaka kumpa barabara tupu. Labda hata kazi hii niliichukua kwa sababu hiyo, sina hakika. Nikijichunguza sana napotea.

Kwa hiyo nimempigia simu na kumpa mkataba. Aje huku, wafanyakazi tunaruhusiwa kumleta ndugu mmoja kwa mwaka. Aendeshe gari la mbio, kwa haki na usalama wote, mimi kando yake. Akimaliza, amemaliza. Akirudi nyumbani anakukabidhi funguo, na wewe unamtafuta dereva au mnaliuza gari. Amekubali. Aliuliza tu kama ataruhusiwa kuvaa viatu vyake mwenyewe.

Mwanao.

Aprili 24

Mwanangu,

Marahaba. Ulichokifanya unakijua? Mtaa mzima una habari. Fundi viatu amemshonea soli mpya bila kuombwa. Jioni anakaa kwenye kochi ameshika sinia kama usukani, anapinda kona, na akifika kona kali anainamisha mwili wote mpaka mto unaanguka. Nikipita mbele yake ananipigia honi kwa mdomo.

Nimemuuliza habari ya funguo. Amesema ahadi ni ahadi. Kwa hiyo sijui nifurahi au nifanyeje. Nimefurahi. Andika hivyo, kwamba Shangazi amefurahi.

Bati bado. Sare zimeisha, namshukuru Mungu, kwa sababu wiki hii sikuwa na nguvu ya kushika hata mkasi. Ni hali ya hewa.

Anakuja kwa basi la Ijumaa. Kwa basi, usihofu. Mpokee, na umpe maji kabla ya maswali.

Shangazi yako.

Mei 16

Shangazi,

Shikamoo. Atakuwa ameshafika na ameshakusimulia, na najua usimulizi wake, kwa hiyo yangu soma polepole.

Alishuka kwenye basi amevaa suti ya kazini. Ile nyeusi. Nilimuuliza kwa nini, akasema ndiyo nguo yake ya kuendeshea. Mapokezi walimpima presha, ikawa nzuri kuliko yangu. Wakamwonyesha herufi za ukutani, akazisoma zote mpaka mstari wa mwisho, hata jina la kiwanda kilichochapa karatasi ile. Kila mtu akacheka. Mimi nilipumua, maana kwa siri nilikuwa nimeomba macho yamkatae hapohapo, na papo hapo nikawa nimeomba yasimkatae.

Mizunguko miwili ya kwanza nilimwendesha mimi. Wa tatu akashika yeye. Alianza kwa mwendo wa mazishi, Shangazi, kweli kabisa, mikono yote miwili juu ya usukani na shingo imenyooka, mpaka fundi mkuu akauliza kwenye redio kama gari lina tatizo. Nikamwambia Baba, hakuna anayelia nyuma yetu. Kanyaga.

Akakanyaga.

Sijui nikueleze vipi. Nimekaa na watu wengi kwenye siti ile, na karibu wote wanapigana na gari. Baba hakupigana. Miaka yake yote ya kwenda taratibu ilikuwa imemfundisha mikono laini, kwa sababu mwenye jeneza nyuma hawezi kushtua usukani. Nilisema breki, akashika breki kama anayeweka kikombe mezani. Nilisema angalia mbali, akaangalia mbali na hakuyatoa macho yake huko. Kwenye sehemu iliyonyooka sindano ya mwendo ilipita mia moja na themanini, ikafika mia mbili, na ndani ya gari kukawa na utulivu ambao watu wasiowahi kuuona hawauamini. Kelele zote zinageuka kuwa kitu kimoja, na mtu anabaki na njia tu. Nikamtazama. Midomo yake ilikuwa wazi kidogo, kama mtoto anayelishwa. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kumbe mama yako ningeweza kumfikisha mapema."

Hadi leo sijajua alimaanisha siku ile ya mazishi au usiku ule wa hospitali uliotangulia.

Mzunguko wa mwisho ni wa kupoza gari. Hapo ndipo jambo lilipotokea. Gari lililotutangulia lilizimika pembeni, hakuna aliyeumia, na mlinzi wa kona akasimama kushoto akipunga bendera ya njano. Bendera kubwa, Shangazi, kama shuka. Maana yake punguza, usipite mtu. Baba hakupunguza. Nikasema njano, akasema njano ipi. Nikakanyaga breki yangu. Tulisimama salama, mbali sana na gari lile, hata mlinzi hakushtuka. Pedali yangu iko pale kwa ajili hiyo. Lakini nilimuuliza Baba taratibu, unamwona yule mtu? Akageuza kichwa chote, mpaka kidevu kikagusa bega, ndipo akamwona. Akasema, "Huyo amechomoza."

Upande wa kushoto haoni. Anaona mbele tu, na mbele anaona vizuri sana, ndiyo maana herufi zile zilimpitisha. Na kwenye uwanja wetu mbele ndiyo yote anayohitaji mtu.

Nilimwambia palepale gerejini. Lakini fundi mkuu, mzee asiyemsifu mtu, alikuja akamshika mkono na kusema hajaona mgeni mwenye mikono ile. Wakampa cheti chenye mwendo wake wa juu. Nilikuwa nasema habari ya daktari wa macho huku watu wakipiga makofi.

Mpeleke kwa daktari, tafadhali. Na funguo amekupa?

Mwanao.

Juni 1

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo. Bati limezibwa, baba yako mwenyewe amepanda juu na kuliziba, nami nimeshika ngazi na kuomba dua zote ninazozijua.

Cheti kiko kwenye fremu, kimetundikwa mkabala na meza ya chakula ili kila anayekula akione. Nimemtajia funguo. Ameniuliza, mtu wa mia mbili ashindwe na arobaini? Nimemtajia daktari. Amesema alishapimwa huko kwenu na watu wenye mashine, akasoma hadi jina la kiwanda. Mwanangu, wewe ulitaka kumwonyesha mwisho wa jambo, yeye ameuona ndio mwanzo. Nami nikarudi jikoni, maana kila alichosema kilitoka kwako.

Kuna kitu lazima nikwambie, na nakwambia kifupi. Alhamisi iliyopita tumemgusa mtu wa baiskeli, muuza mikate. Alitokea kushoto. Amekwaruzika kiwiko tu, mikate imemwagika, baba yako ameshuka na kuiokota mmojammoja akiipangusa kwenye suti. Mimi nilikuwa ndani ya gari. Nilimwona yule kijana tangu mbali, nikadhani naye baba yako amemwona. Sasa najua nisidhani. Siku hizi nasema: kushoto kuna mtu, kushoto kuna mbuzi, kushoto kuna mama na ndoo. Nimekuwa kama wewe, ila pedali sina.

Usimpigie simu kwa hili.

Shangazi yako.

Juni 12

Shangazi,

Shikamoo. Sitauliza habari za nyumbani leo.

Kiwiko leo, kesho kichwa cha mtoto. Sijalala vizuri tangu nisome. Nakaa na wageni, nawaambia angalia mbali, na mimi mwenyewe naona mikate barabarani.

Nimeiandikia ofisi ya leseni. Nimetaja jina lake, namba ya gari na kazi yangu, na nimewaomba wampime macho kwa pembeni, siyo kwa herufi. Sikukuuliza kwanza kwa sababu ungenikataza, na sijui kwa nini ungenikataza, na hilo ndilo linanisumbua zaidi. Kila nikigusa habari ya gari unanipitisha mlango mwingine. Nikasirikie. Nitaelewa.

Mwanao.

Julai 20

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu, nisamehe. Nimeianza barua hii mara nyingi nikaishia kwenye tarehe.

Walimwita. Nilikwenda naye. Walimkalisha kwenye mashine, kidevu juu ya kibao, wakamwambia abonyeze kila akiona nukta ya mwanga. Alikaa pale amejiandaa, kidole juu ya kitufe, muda mrefu habonyezi. Mwisho akamwambia yule binti wa mashine kwa upole kwamba imeharibika. Binti akamjibu, "Inafanya kazi, mzee." Sijawahi kumwona kaka yangu amekuwa mdogo vile.

Ni presha ya macho. Imeanza siku nyingi. Kilichokwenda hakirudi, lakini kuna dawa ya matone itakayolinda kilichobaki, na daktari amesema tungekawia mwaka mwingine angebaki na giza. Kwa hilo umemsaidia, na nakwambia hivyo kutoka moyoni, kwa sababu la pili litakuuma. Leseni wameichukua. Anajua ni wewe. Hajasema neno baya.

La pili ni hili. Uliniuliza shughuli zangu za Jumatatu na Alhamisi. Ni figo. Zimekufa zote mbili, tangu mwaka jana. Nafungwa kwenye mashine ya kusafisha damu, asubuhi hadi mchana, kwenye hospitali ile kubwa ng'ambo ya mji, na nikitoka hapo siwezi kusimama kituoni. Ndiyo maana ya chumvi na miguu na sare za shule moja. Nilimwapisha baba yako asikwambie, kwa sababu nakujua, ungeacha kazi ukaja kukaa kitandani pangu kunitazama.

Usidhani baba yako hakujua habari ya macho yake. Hakujua ni upande wa kushoto, lakini alijua kuna kitu hakiko sawa. Siku moja kabla ya safari ya huko kwenu aliniambia, "Nikizitoa hizi funguo, wewe nani atakupeleka?" Alikudanganya kwenye mkataba wenu tangu mwanzo, mwanangu, na cheti alikitundika ili sote wawili tunyamaze.

Tumejaribu basi. Ni mabasi mawili na mwendo wa miguu katikati. Kurudi nilianguka kwenye ngazi za basi la pili, na yeye alikuwa kulia kwangu, upande wake mzima wa giza ndio uliokuwa kwangu, hakuniona naanguka. Abiria wakaniinua. Gari la kukodi tulichukua mara kadhaa, bei ikatushinda, tukaacha.

Sikulaumu. Ningekuwa na mahali pa kukulaumu ningekulaumu, ila kila nikitafuta naona muuza mikate.

Shangazi yako.

Julai 30

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimesoma barua yako gerejini, nimekaa kwenye tairi, na mpishi akaja akakaa kando yangu.

Nimekwenda kwa mkuu wa uwanja siku hiyohiyo. Nimeomba likizo. Msimu umepamba moto, tumebaki waongozaji wawili, na mkataba wangu unasema nikiondoka kabla ya Oktoba nimejifukuza mwenyewe. Nimemwambia ni shangazi yangu. Ameniuliza kama ni mama. Nimesema ndiye aliyenilea. Amesema anasikitika, na nadhani alisikitika kweli. Nikiacha kazi, dawa zako na matone ya Baba tutayanunua kwa nini? Nikibaki, nani atakupeleka? Nimelizungusha swali hili mpaka nimepata kizunguzungu, na ninakotokea ndiko ninakorudi.

Nimeipigia simu hospitali. Wamesema gari lao ni la wagonjwa wa kulazwa. Nimempigia mwalimu wa hapo jirani mwenye gari dogo. Amekubali kukupeleka Jumatatu, kwa sababu hana vipindi asubuhi. Alhamisi anafundisha. Nimempigia fundi viatu, mwenye duka la dawa, hata yule binamu tusiyesalimiana. Alhamisi sijapata mtu. Wiki nzima nawaambia wageni wakanyage, wanafika mia mbili, wananikumbatia, na mimi siwezi kumvusha mtu mmoja mjini.

Baba hapokei simu yangu. Naisikia inaita.

Sikuombi unisamehe sasa. Nakuomba unijibu kitu kimoja, usinizungushe: Alhamisi iliyopita ulikwenda?

Mwanao.

Agosti 14

Mwanangu,

Marahaba, na marahaba tena. Barua ilifika jua likiwaka, nikaisomea mlangoni kabisa, maana sasa sina ninayemficha.

Mwalimu ni mtu mzuri. Jumatatu anafika mapema, ananifungulia mlango kama bibi harusi, na njia nzima ananisimulia makosa ya wanafunzi wake. Bati halivuji. Nimeuza ile cherehani kubwa na kubaki na ya mkono, inanitosha kwa vifungo na mapindo. Baba yako anatia matone yake asubuhi na jioni, anainua uso juu kama kuku anayekunywa maji, nami ndiye ninayedondosha, kwa hiyo mara mbili kwa siku tunatazamana vizuri. Jana aliniuliza kama huko kwenu bado kuna mvua. Hakukutaja, lakini nchi yenye mvua anayoijua ni hiyo moja. Usimpigie bado. Subiri kidogo.

Gari tumeliacha uani. Analiosha kila Alhamisi asubuhi, taratibu, mpaka jua linapanda. Mimi nakaa kwenye kiti pale mlangoni, miguu nimeiweka juu ya ndoo, namwelekeza alikoacha sabuni upande wa kushoto. Hatuna haraka siku hiyo.

Kula vizuri. Mpishi msalimie, ana moyo. Wageni wako waendelee kufungwa mikanda sawasawa.

Swali lako nimelisoma. Nitakujibu ukija.

Shangazi yako.